Cherehani, Kitanda na Kabati

Ishaka alikohoa, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Cherehani moja. Kitanda cha mninga na godoro lake. Kabati la vyombo, na vyombo vilivyomo. Mkeka mmoja." Akaikunja tena karatasi yake na kuitia mfukoni mwa kanzu. "Hivyo ndivyo vitu vya shemeji. Gari liko nje."

Shufaa alikuwa amekaa kwenye kochi la sebule yake mwenyewe, hapa Bagamoyo, na eda yake ilikuwa imekwisha juzi tu. Miezi mitatu aliikalia eda ndani ya nyumba ile kwa adabu zote, huku mumewe Bwanausi, aliyemwandikia talaka kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, amehamia kwenye nyumba yake ya wageni. Na leo hakuja hata mwenyewe. Alimtuma kaka yake Ishaka pamoja na wazee wawili wa ukoo waje wamtoe mke kwa heshima. Heshima gani hiyo? Miaka ishirini na minne ya ndoa, halafu unahesabiwa mkeka!

"Na majaruba ya chumvi?" Shufaa aliuliza. "Na malori? Na nyumba ya wageni? Na shamba la Kerege, pale barabarani?"

Wazee wakaangalia zulia. Ishaka alitabasamu kama anayemwonea huruma mtoto. "Shemeji, hayo yote yana jina la mwenyewe. Lakini Bwanausi hana roho mbaya. Atakupa kitulizo, kitu cha kukupoza moyo, na wewe utashukuru."

Hapo Yahya, mdogo wake Shufaa wa tumbo moja, akasimama ghafla hadi kikombe cha chai kikaanguka. "Huo mkeka pakieni nyie mkalalie wenyewe! Dada yangu hatoki hapa na cherehani. Tutaonana mahakamani." Siku ile Shufaa alimwona Yahya ndiye mwanamume peke yake aliyebaki Bagamoyo nzima.

Sasa mtu asidhani mali ile ilidondoshwa na malaika. Wakati wanaoana, Bwanausi alikuwa na baiskeli na maneno matamu. Walianza kwa kukodi majaruba mawili ya chumvi huko kaskazini, njia ya Saadani, na Shufaa alikwangua chumvi hadi vidole vikachunika, mimba ya binti yao Hajra ikiwa tumboni. Chumvi ilipoanza kulipa, Bwanausi akawa mtu wa safari. Anaipeleka Songea, Sumbawanga, Tunduma, anakaa huko wiki tatu, mwezi. Huku nyuma nani aliwasimamia vibarua? Nani alikimbizana na mvua kufunika chumvi kwa maturubai? Nani alisikia kuwa kuna mzee wa huko Kerege anauza mikorosho yake vipande vipande, akaenda siku hiyohiyo, akabishana bei hadi sauti ikamkauka, akazunguka mipaka na majirani mguu kwa mguu, wakati watu wote wakiona pale ni pori la nyani?

Na ni papo hapo Shufaa alipojichimbia shimo kwa mikono yake. Kila mara mtendaji wa kijiji alipouliza, "Niandike jina la nani?" yeye alijibu bila kufikiri, "La baba Hajra." Hakulazimishwa na mtu. Ndivyo alivyolelewa. Mke mwenye kuandikisha shamba kwa jina lake na mume yu hai, kwao huyo ni kichwa kigumu, na mumewe ni bwege aliyetawaliwa. Mama yake alifanya hivyo, bibi yake alifanya hivyo, na Shufaa alirudi nyumbani anatembea kwa maringo kwamba amempatia mume wake shamba.

Wakili aliyemchukulia kesi aliitwa Gertruda, mama mnene mwenye ofisi ya msaada wa sheria juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Mama Hajra, sheria haiangalii jina peke yake. Inaangalia nani alichangia kuipata mali, kwa fedha, kwa kazi, hata kwa kuitunza nyumba ili mwenzake akatafute. Ila mahakama haipokei machozi. Una ushahidi gani?"

Shufaa hakuwa nao. Mtendaji wa wakati ule alishafariki, na mzee muuzaji pia. Vibarua wa chumvi walikuwa bado wanakula kwa Bwanausi, kwa hiyo wote walipatwa na usahaulifu siku moja. Baraza la usuluhishi lilikaa mara mbili. Bwanausi alihudhuria mara moja, akashinda anachezea simu, na baraza likaandika kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ndipo shauri likaenda Mahakama ya Wilaya.

Huko Bwanausi aliwasilisha kiapo chake. Gertruda alimsomea Shufaa ofisini: mali zote nilizipata kwa jasho langu, mdai alikuwa mama wa nyumbani tu, hakuchangia chochote. Shufaa akamwomba arudie. Gertruda akarudia. Kumnyima shamba ni wizi, na wizi mtu anaweza kuuelewa. Lakini mtu ambaye yeye alimkuta na baiskeli tu, mtu aliyemwona akizaa leo na wiki mbili baadaye akirudi jarubani na mtoto mgongoni, leo amekula yamini kwamba hakufanya chochote!

Siku ya kusikilizwa, wakili wa Bwanausi, bwana mmoja kutoka Dar mwenye viatu vya kujiangalia uso, alisimama na bahasha mkononi. "Mheshimiwa hakimu, naomba kutoa hati tatu halisi za mauziano ya shamba la Kerege. Picha ni ya mteja wangu, jina ni la mteja wangu, na dole gumba kwenye nafasi ya mnunuzi ni la mteja wangu. Alikuwepo yeye mwenyewe mbele ya mtendaji, mara zote tatu. Mdai hayumo humu hata kama shahidi."

Karatasi zilipitishwa mezani kwa Gertruda azikague. Shufaa aliinama kuzitazama. Zilikuwa hazijamfikia machoni kwa miaka kumi na saba, maana Bwanausi alizifungia kwenye sanduku lake la chuma. Alama ya dole ilikuwa ya wino wa bluu, imetulia vizuri, na katikati imepasuliwa na mstari mweupe wa mshazari. Shufaa akageuza mkono wake wa kushoto. Kwenye dole gumba lilikuwepo kovu la bati la ghala la chumvi, lililomchana mwaka wa pili wa ndoa hadi akashonwa nyuzi tano.

"Hili ni dole langu," alimnong'oneza Gertruda. "Yote matatu."

Akakumbuka. Bwanausi alikuwa Sumbawanga, na simu ilikuwa inakatikakatika. Muuzaji alitaka fedha yake kabla ya adhuhuri, la sivyo anampa mteja mwingine. "Weka wewe," Bwanausi alimwambia. "Nani atakuja kukagua vidole?" Mtendaji naye alikuwa na njaa, akabandika picha ya Bwanausi, akamsogezea Shufaa kidau cha wino. Mara ya pili na ya tatu hata hawakuulizana.

Gertruda akaomba mapumziko ya nusu saa. Huko kwenye korido hakuwa na furaha hata kidogo. "Hili laweza kukuokoa, na laweza kukuzamisha. Watasema umeghushi. Na mkataba ukianguka, watoto wa yule mzee wanaweza kuja kudai shamba lao, mkakosa wote wawili."

"Nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, unabaki mama wa nyumbani tu."

Kabla hajajibu, Ishaka akaja mbio, kanzu kaishika mkononi. Bwanausi alikuwa amemwona Shufaa akikitazama kidole chake, na kumbukumbu ikamrudia palepale. "Shemeji, shemeji yangu," Ishaka alisema, na sauti ya msiba haikuwepo tena. "Bwanausi anakuachia nyumba unayokaa. Leo hii, mbele ya hakimu. Haya mambo ya dole yaache, mtakosa wote. Mfikirie Hajra."

Loo! Juzi mkeka, leo nyumba. Shufaa alimtazama kuanzia kofia hadi makubazi. "Kamwambie hivi. Mimi nilikuja na mkeka, nikiondoka na mkeka sijapungukiwa. Yeye je?"

Akaingia kutoa ushahidi. Alieleza yote, hati moja baada ya nyingine, simu ya Sumbawanga na njaa ya mtendaji. Wakili wa viatu alimrukia kama aliyekuwa akimvizia. "Kwa hiyo unakiri uliweka dole lako mahali pa mtu mwingine? Unajua hilo ni kosa la jinai?"

"Sasa najua. Niulize basi nani alinituma."

Hakimu, mama wa makamo asiyependa kelele, aliagiza kidau cha wino. Karani akachukua dole la Shufaa, kisha la Bwanausi, kwenye karatasi nyeupe. Lile kovu halikuhitaji mtaalamu. Hakimu akaziweka karatasi pembeni, akamgeukia Bwanausi. "Uko chini ya kiapo. Siku hizi tatu, ulimtuma mkeo akanunue kwa niaba yako, au hukumtuma?"

Kila mtu mle ndani alielewa. Akisema hakumtuma, basi hakununua kitu, maana mnunuzi hakuwepo. Akisema alimtuma, kiapo chake ni uongo. Bwanausi akamtazama wakili wake, na wakili akatazama viatu vyake.

"Nilimtuma," alisema.

"Sauti, bwana."

"Nilimtuma. Mimi nilikuwa safarini. Alikwenda yeye, akaelewana bei yeye."

"Na majaruba, ukiwa safarini?"

"Alisimamia yeye."

Shufaa alidhani angefurahi. Hakufurahi. Maneno yale aliyangoja nyumbani. Aliyangoja mbele ya wageni waliomsifia Bwanausi mali zake, aliyangoja siku ya harusi ya Hajra, aliyangoja hata wakiwa wawili peke yao, asikie tu, "Mwenzangu ndiye aliyefanya hili." Miaka ishirini na minne hayakutoka. Yametoka leo kwa woga wa kukosa shamba, tena kwa kumwambia mtu baki mwenye kalamu.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tano. Hakimu aliwakaripia wote wawili kwa kuchezea hati, akasema hakuna muuzaji wala mrithi aliyelalamika. Ndoa ikavunjwa kisheria. Shufaa akapewa nyumba ya kuishi, nusu ya shamba la Kerege na theluthi ya majaruba. Nyumba ya wageni na malori yakabaki kwa Bwanausi. Gertruda aliona wameshinda. Shufaa aliuliza kwa nini theluthi, kwani chumvi aliikwangua kwa theluthi ya mikono? Gertruda akasema hilo ni la rufaa, akitaka.

Asubuhi iliyofuata alipanda bajaji na Yahya kwenda ofisi ya ardhi, nakala ya hukumu ikiwa kwenye mkoba, ili waanze kulipima na kuligawa shamba. Yahya hakukosa siku hata moja mahakamani. Alikuwa na furaha kuliko dada yake, anachekacheka na dereva.

"Dada," alisema walipokaribia, "pale ofisini tuandikishe jina langu. Si kwamba nalitaka shamba, Mungu shahidi. Lakini mwanamke aliyeachwa, ana shamba barabarani, kila tapeli atakufuata. Wakiona jina la mwanamume watakuheshimu. Sisi si ndugu? Changu chako."

Shufaa alimtazama vizuri. Yahya hakuwa mwongo wala mroho, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alisema kwa mapenzi yaleyale ambayo yeye Shufaa alisema nayo "La baba Hajra" mara tatu mbele ya mtendaji.

"Simama hapo," alimwambia dereva.

Bajaji ikasimama pembezoni. Yahya akacheka, akidhani dada anataka kununua maji.

"Shuka, Yahya."

"Dada, nimesema nini?"

"Nimekwambia shuka! Utakwenda kwa miguu, na ulichosema utakifikiria njiani."

Yahya alishuka taratibu, akasimama kando ya barabara, mdomo wazi, mikono haijui iende wapi. Dereva alimtazama Shufaa kwenye kioo. "Tumsubiri, mama?"

"Hapana. Twende, wasije wakafunga ofisi."