Nta Aliyeomba Kupotea

Usiku wa kuamkia leo niliota nta anapiga hodi. Sikushangaa. Ndotoni hata nyuki wakikujia na posa, unawatengea chai.

Hodi ilitoka ndani ya kalibu, lile ganda la udongo tunalofunika juu ya umbo la nta kabla ya kumimina shaba. Kalibu hilo nalijua. Tangu mvua zianze limekaa pembeni mwa karakana yetu hapa Morogoro, na mimi nalizunguka tu nikifagia. Ndani yake mna jani la mgomba la nta, litakalokuwa maegemeo ya benchi, kazi ya mwisho ya mama yangu. Mama akimaliza jani alikuwa na desturi ya kuibonyeza ncha kwa dole gumba, basi, hiyo ndiyo sahihi yake. Hili alilibonyeza jioni, akaenda kulala, hakuamka.

Nililifunika udongo mimi mwenyewe. Tanuri ndilo lililonishinda kuwasha. Nta ikishayeyuka na kuiachia shaba nafasi haipo tena, na shaba ikienda vibaya dole la mama limekwenda nayo. Jani la pili hakuna. Kibwana, mwenzangu wa karakana, amechoka kuniuliza, na mimi nimechoka kumjibu kwamba kuni ni mbichi.

Basi, hodi inapigwa. Naitikia, "Karibu," kumbe anayetaka ni kutoka, si kuingia. Anatoka mwanamke mwembamba wa manjano, kanga begani, kifurushi mkononi.

"Mwajabu," ananiambia, "mimi naenda kupotea. Kanuni ya kazi yenu inasema nta ipotee."

"Njia unaijua?"

"Nikiijua nitapoteaje?"

Nikaona ana haki. Nikamsindikiza, maana mgeni hatoki kwangu peke yake. Karakana ikawa sokoni. Tunapita mafungu ya nyanya, na kila mtu anamwamkia. "Nta, habari za nyumbani? Stendi ni kushoto, mama." Tunakata kona, tunajikuta zahanati. Nesi anatuelekeza vizuri sana, mpaka anachora ramani ukutani. Tunakata kona nyingine, tuko harusini, na Nta ametengewa kiti na sahani ya pilau.

"Sipotei," akasema, na kwa kweli alikuwa na huzuni. "Tatizo ni wewe."

"Mimi? Nimekusindikiza mji mzima, hata asante hakuna!"

"Umenishika mkono. Nani amewahi kupotea akiwa ameshikwa mkono?"

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimemng'ang'ania mpaka vidole vimezama. Nikamwambia ukweli wangu wote pale pale, mbele ya maharusi. "Naogopa. Ukienda, unaenda na dole la mama."

Nta akaweka kifurushi chini, akanifungulia. Hamkuwa na kitu. Akanionyesha viganja, laini, havina hata mstari. "Dole nimeliacha nyumbani, kwenye udongo. Mimi nilikuwa nalitunza tu. Niachie, mwanangu, pilau inapoa."

Nikamwachia. Akageukia kulia, mahali ambapo hapakuwa na njia, akapotea vizuri kabisa. Nililia, sitaki kudanganya, lakini nililia huku nakula.

Nilipomaliza kula niko karakana tena, na mlangoni amesimama Shaba. Mwekundu, ananguruma taratibu. Kwa adabu namsogezea kigoda. Anakaa, kigoda kinawaka moto, anaomba radhi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamwambia. "Karibu ndani ya kalibu, mwenyewe ameshatoka."

"Siingii. Ndani kuna mtu."

"Nta nimempoteza kwa mkono wangu!"

"Si Nta. Chungulia."

Nikachungulia kwenye mdomo wa kalibu. Kule mwisho, kwenye ncha ya jani, amekaa mzee mnene, shati la mikono mifupi, sanduku mapajani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Hewa. Nasubiri kutoka."

"Si utoke, mzee wangu?"

"Nitokee wapi? Kila ncha uliyowahi kufunika udongo uliiwekea tundu la kupumulia. Hii tu ndiyo hukuiwekea."

Ni kweli. Nilikuwa na chuma cha kutobolea mkononi siku ile, nikakirudisha mezani. Pale ndipo penye dole la mama. Ningepatobolea vipi?

"Niliacha makusudi," nikasema. "Sikutaka kupagusa."

"Hukukosea adabu," Hewa akajibu, "ila umenifungia. Shaba akija atanikuta hapa, tutasukumana, yeye ataganda njiani. Benchi litapendeza sana. Ila ncha ya jani itakuwa mimi."

Ncha itakuwa hewa. Nikakaa chini kwenye majivu. Jamani! Kumbe nililolilinda ndilo nilikuwa nalizika.

Mama akaingia na aproni yake ya kazi. Hakuniamkia, akaenda moja kwa moja kwenye kalibu, akaligonga kwa kidole akilisikiliza.

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," akasema. "Wewe umechelea udongo. Toboa."

"Mama, naogopa."

"Ogopa, lakini toboa. Si juu ya dole. Kando yake, upande wa ukucha. Nilikufundisha nini mimi?"

"Mkono wangu unatetemeka."

"Wa kwangu ulitetemeka miaka yote, na watu wakasema majani yangu yanapeperuka."

Nikachukua chuma. Nikatoboa. Mzee Hewa akapita katundu kale na sanduku lake, sijui alipitaje, akasema, "Asante, binti, nimeshachelewa basi." Nikageuka kumwonyesha mama, hayupo. Sikumuita. Shaba akavua viatu, akainama mlangoni.

Hapo nikaamka, kumekucha. Nikaenda karakana hata uso sijanawa. Tanuri la baridi, majivu yake ya zamani. Nikapiga magoti mbele ya kalibu, nikapapasa upande wa ncha. Pana katundu, kamenyooka, ukubwa wa njiti ya kiberiti, na vumbi la udongo mbichi limemwagika chini yake.

Kibwana akaingia na chai. "Dada Mwajabu, kulikoni mapema hivi?"

"Njoo uweke kiganja hapa kwenye mdomo wa kalibu."

"Ili iweje? Si mna nta humo?"

"Weka tu, kaka."

Akaweka. Mimi nikaziba katundu kwa midomo, nikapuliza polepole.

"Pana upepo huku," Kibwana akasema.

"Basi leta kuni," nikamwambia. "Zimekauka."