Lebo za Kinanda cha Bibi

Fundi viti hakuwa mtu wa kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuvua makochi nguo zilizochakaa na kuyavisha mpya, na kwa hilo mtaa mzima ulimvulia kofia. Lakini binti yake alipojifungua, alimjia na ombi ambalo hakuweza kulipiga chenga.

“Baba, nataka mtoto amjue bibi yake. Picha hazitoshi. Mama hakuwa mtu wa kutulia kama picha.”

Mama huyo, marehemu mke wa fundi, alikuwa mpishi wa shule. Akirudi nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, aliketi kwenye kinanda sebuleni. Hakuwahi kumaliza wimbo. Alianza huu, akarukia ule, akauacha njiani kwenda kuchungulia jiko. Binti alikuwa na mazoea ya kumrekodi kwa simu. Mama alipofariki, wakabaki na vipande tele na wimbo kamili hata mmoja hakuna.

Sasa binti alikuwa amepata programu inayotunga muziki kutokana na vipande kama hivyo. Kila kipande hupewa lebo, yaani neno moja au mawili ya kukieleza: taratibu, haraka, usingizi, furaha. Ukitaka muziki wa aina fulani, unaitajia programu lebo, nayo inachagua vipande vyenye lebo hiyo na kuvisuka viwe wimbo mpya.

“Lebo weka wewe, baba. Mimi mikono imejaa, na hakuna aliyemsikiliza mama kukuzidi.”

Fundi akaifanya kazi hiyo karakanani, miwani puani, kompyuta juu ya rundo la sponji. Alisikiliza kipande, akaandika. Wateja walimkuta akifuta macho, naye akasingizia vumbi la makochi.

Jumapili mchana walikusanyika sebuleni: fundi, binti na mtoto wake, na msusi, mdogo wa marehemu, ambaye utani wake kwa shemeji yake haukuwa na likizo.

“Haya, shemeji, tuoneshe uprofesa wako.”

Binti akaandika: furaha. Programu ikajibu kwamba hakuna kipande chenye lebo hiyo. Akaandika: mchezo. Hakuna. Haraka. Hakuna.

“Imeharibika hiyo,” fundi akasema.

Binti akaiachia programu ichague yenyewe. Kinanda kikaanza kujikokota. Mlio mmoja, kimya, mlio mwingine. Mtoto akakunja uso, mdomo ukamtetemeka, akaangua kilio.

“Jamani!” msusi akaruka kitini. “Huyu ni dada yangu, au saa ya ukutani inayoishiwa betri?”

Binti akafungua vipande, akasoma lebo za baba yake. Huzuni. Huzuni, taratibu. Huzuni. Huzuni sana. Programu haikuwa na kosa. Iliamini ilichoambiwa, hata vipande vya mbio ikavivuta vikatambaa.

“Ndivyo nilivyovisikia,” fundi akajitetea.

“Baba, umeandika ya moyoni mwako. Ya kwenye kinanda hukuyaandika.” Binti alikuwa akimbembeleza mtoto begani, na sauti yake haikuwa ya lawama. “Huyu hatakuwa na kumbukumbu nyingine. Ikibaki hivi, atakua akidhani bibi yake alikuwa mtu wa majonzi.”

Neno hilo lilimwingia fundi kama sindano ya makochi. Mke wake, mtu wa majonzi! Mwanamke aliyekuwa akipiga kinanda kwa kiwiko ili mumewe aamke!

“Fungua hicho,” akasema, akivuta kiti. “Kile kirefu.”

Kikapigwa kilivyorekodiwa. Vidole vilikimbia, vikateleza, vikaangukia mlio wa ajabu, na marehemu mwenyewe akasikika akicheka hadi kukohoa.

“Na hiki nacho uliandika huzuni?” msusi akauliza.

“Huzuni sana,” fundi akakiri, na yeye mwenyewe akacheka.

Wakaanza upya. Sheria ikawa moja: lebo iseme alichokuwa akifanya mpigaji, siyo anachohisi msikilizaji. Walibishana kama watu wa sokoni. Fundi alisema kipande fulani ni cha mvua, msusi akasema mvua gani, hapo alikuwa anamsuta jirani. Wakaandika yote mawili. Kipande cha kiwiko kikapewa lebo ya uchokozi, maana furaha peke yake haikukitosha.

Kimoja tu hawakukibishania. Msusi alikitambua kwa milio ya mwanzo.

“Hiki alikipiga wiki tuliyomzika mama yetu,” akasema. “Hapa hukukosea, shemeji. Kiache.”

Wakakiacha na huzuni yake.

Fundi alipofika kwenye kipande alichokipenda kupita vyote, kidole kikasita juu ya kitufe.

“Nikiifuta lebo ya kwanza, naona kama namwambia sikuumia.”

“Usiifute basi. Kipande kinabeba lebo zaidi ya moja,” binti akamwambia. “Hiyo ibaki yako. Ongeza ya kwake.”

Akaongeza: furaha.

Binti akaiomba programu furaha na mchezo. Safari hii haikusita. Ukatoka wimbo ambao marehemu hakuwahi kuupiga, ila mkono ulikuwa wake, wenye haraka na wenye kupenda kuteleza. Ukachomoka ukiruka kama mtu aliyechelewa. Mtoto akaacha kunung'unika, akageuza kichwa kutafuta mlio unatoka wapi, kisha akaanza kurusha miguu. Mmoja ukampiga fundi kidevuni.

“Ehee, tayari kashika zamu ya bibi yake!” msusi akapiga makofi.

Fundi akampokea mtoto, akamwinua usawa wa macho yake.

“Umemsikia? Huyo ndiye bibi yako,” akamwambia. “Kelele tupu. Na ungelala mchana angekuamsha makusudi.”

Mtoto akampiga teke la pili, na fundi akamwomba binti yake aongeze sauti.