Timo, Shamba Nakuachia

Timotheo hakuwa mtu wa kuogopa kifo, ila alichokiona kwa jirani yake pale Mikumi kilimkosesha amani. Marehemu hata arobaini ilikuwa haijafika, ndugu zake wakaja na kufuli jipya, wakafunga nyumba. Mjane alibaki uani, amekaa juu ya ndoo, haelewi aanze kumlilia mumewe au nyumba. Ndugu walisema hivi, mjane alisema vile, na mtu pekee aliyejua ukweli alikuwa ameshazikwa.

"Mimi sitaki nyie mje mgombane," Timotheo alimwambia mkewe, Sesilia. "Nakwenda Kilosa kuandika wosia."

Sesilia alikuwa anapepeta mchele. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa haraka ya nini?" Akamtazama mumewe kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayetafuta ugonjwa alikojificha. "Haya, nenda. Ila usije ukanigawa na mimi."

Kichwani mwa Timotheo mambo yalikuwa yameshapangika. Nyumba ya Mikumi ingekuwa ya Sesilia, kiwanja cha nyuma cha binti yao Grace, na shamba la miwa la Ruhembe la Samwel, kijana wao wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa akilima naye miaka yote. Alidhani atayasema hayo, yataandikwa, atatia saini, kisha atawahi gari la kurudi.

Wakili aliyeelekezwa kwake pale Kilosa mjini aliitwa Happyness, binti mdogo hata kwa Grace. Alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Wakaanza na nyumba. Happyness akauliza nani aliijenga.

"Mimi na mke wangu. Yeye akiuza vitumbua, mimi nikipika kwenye hoteli za watalii."

"Basi mama ana sehemu yake tayari, mzee. Huwezi kumrithisha kilicho chake. Unachoweza kumwachia ni sehemu yako."

Timotheo alikuna kidevu. "Sehemu yangu ndiyo ipi? Sebule?"

Binti alicheka kidogo, akamweleza taratibu, na Timotheo akaitikia kwa kichwa ingawa alichoelewa ni kwamba amekuja kumpa mkewe nyumba na ameshindwa. Wakahamia kwenye shamba.

"Hilo ulilipataje?"

"Aliniachia kaka yangu, Emanueli, kabla hajafariki."

"Alikupa liwe lako, au alikuachia ulitunze?"

Timotheo alimwona tena Emanueli kitandani hospitalini, amekonda, amemshika mkono. *Timo, shamba nakuachia.* Miaka yote maneno hayo yalikuwa wazi kama mchana. Sasa aliyarudia moja moja, na kila alipoyarudia yalizidi kupoteza maana.

"Aliniachia tu," alisema.

"Alikuwa na watoto?"

"Mmoja, Vaileth. Alikuwa mchanga bado. Mama yake aliolewa tena huko Magole, wakahamia."

Happyness akaweka kalamu mezani. "Mzee, nisikudanganye. Hapo tusubiri kwanza. Wosia unagawa kilicho chako. Nenda ukaulize waliokuwepo."

Timotheo alitoka mpaka stendi akiwa na nia ya kurudi Mikumi. Utingo mmoja aliita, "Rudewa, Dumila, Magole!" na mguu wake ukawa umeshapanda. Akampigia Sesilia kumjulisha.

"Magole?" Sesilia alishangaa. "Si ulisema unakwenda kwa wakili?"

"Ndiye aliyenituma."

Huko Magole aliwakuta Yunis, mjane wa Emanueli, na Vaileth mwenyewe wakipukuchua mahindi barazani. Vaileth alipomwona aliinuka kwa hofu.

"Shikamoo, baba mdogo. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hakuna. Tuko wazima."

Walimpa maji, wakamsubiri. Alisimulia yote, kisha akamgeukia Yunis. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Kaka alisema, 'Timo, shamba nakuachia.' Alikuwa na maana gani?"

"Hakusema hivyo," Yunis alijibu.

"Hakusema?"

"Alisema, 'Timo, shamba na mtoto nakuachia.'"

Timotheo alimkodolea macho. Alitafuta hilo neno la mtoto kichwani mwake na hakulipata. Je, yeye ndiye aliyelisahau, au Yunis ndiye aliyeliongeza?

"Huyu alikuwa mgongoni kwangu analia," Yunis akasema. "Labda hukusikia."

"Sasa kama aliniachia mtoto, si ina maana nimlee? Na kama mtoto ni wa kumlea, basi na shamba…"

"Mimi sijui, shemeji. Wakati ule nilidhani amekupa. Nikaondoka zangu. Sijawahi kukunung'unikia."

Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Angedaiwa, angejua namna ya kujitetea. Akamtazama Vaileth, mwanamke mzima sasa, mwenye kipaji cha uso kilekile cha Emanueli.

"Basi shamba lichukue, mwanangu."

"Baba mdogo, mimi nalima mpunga hapa. Miwa hata inavyopandwa siijui. Na Samwel nitamtazama vipi?"

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Sijui. Umenishtukiza." Alipukuchua gunzi moja lote ndipo akasema, "Nataka nikalione. Na kaburi la baba. Sijawahi kufika."

Kesho yake wakaenda wote watatu, Timotheo akiwa ameshampigia Sesilia kumweleza yote. Samwel, aliyekuwa ameshasikia habari kwa mama yake, aliwasubiri Ruhembe pembezoni mwa shamba, uso umemvimba kwa hasira. Alimsalimia Vaileth kwa adabu, kisha akamvuta baba yake kando.

"Baba, nimelima hapa tangu niko shule. Leo unaniambia si petu? Umeanza kuchanganyikiwa?"

"Ndiyo," Timotheo alijibu, na hakuwa anatania. "Nimechanganyikiwa. Ndiyo maana nimekuja nao huku wakati ningali hai, mnigombeze mimi mwenyewe."

Kaburi lilikuwa upande wa pili wa mfereji unaokata shamba katikati, limemezwa na majani kiasi kwamba Timotheo mwenyewe alilipita kwanza. Vaileth alipiga magoti, akaanza kung'oa majani kwa mikono, na majani ya huko yanakata kama wembe. Samwel alimtazama kwa muda, halafu akashika panga na kuanza kufyeka upande mwingine wa kaburi. Hawakusemeshana, lakini walimaliza pamoja.

Walikubaliana siku hiyohiyo, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: upande wa mfereji wenye kaburi uandikwe jina la Vaileth, ule mwingine ubaki wa Timotheo na baadaye Samwel. Samwel angelima kote na kumpelekea dada yake mavuno ya upande wake. Timotheo aliporudi Kilosa, kuhusu shamba Happyness aliandika kwenye wosia ule upande wake mmoja tu.

"Sasa umeridhika, mzee?" aliuliza akimsogezea kalamu.

"Sijui kama ndivyo alivyotaka," Timotheo alisema. Akatia saini.

Kwa majuma kadhaa Samwel aliongea na baba yake yale ya lazima tu. Halafu jioni moja, wakiwa wamekaa uani Mikumi, Vaileth alipiga simu kuuliza miwa hukatwa lini, kwa sababu anataka kuja kuona. Timotheo alijua jibu vizuri. Hakulitoa. Alimnyooshea Samwel simu.

Samwel aliitazama, akaipokea. "Dada," alisema, na baada ya kukohoa kidogo akaanza kueleza.