Usufi Kifuani mwa Bi Sindano

Jumatatu asubuhi Bi Sindano, mshona magodoro, alikuwa amesimama mbele ya kioo akinywa chai, blauzi haijafungwa vifungo, alipoiona chai ikishuka kifuani mwake. Kuanzia shingoni hadi kitovuni ngozi yake ilikuwa angavu kama glasi iliyooshwa. Moyo ulikuwa pale nyuma ya mbavu, saizi ya ngumi, unadunda bila kumngoja mtu. Akamalizia chai ili aone inaishia wapi, kisha akaenda kazini.

Jioni binti wa kaka yake, mwalimu wa sayansi, akapita kumsalimia.

"Shangazi, usijifunike. Kesho nakuletea darasa. Shule yetu haina hata picha ya figo."

Wakaja wanafunzi arobaini, na majirani na viti vyao, na mwenye nyumba aliyedai amepita tu. Bi Sindano akamung'unya ndizi. Macho yote yakaisindikiza kooni, tumboni, na baadaye ilipokata kona ya kwanza ya utumbo, wakaipigia makofi.

"Na hili jekundu lililonuna?"

"Ini hilo. Lisalimieni."

"Shikamoo, ini!"

Bi Sindano akacheka, na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kikaruka kama mtoto kitandani. Watoto wakakichora.

"Mwalimu, mbona mapafu yana manyoya?"

Ulikuwa usufi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akijaza magodoro katika karakana iliyopigiliwa madirisha misumari, maana bosi alisema upepo unamwibia. Kila mwaka Bi Sindano aliomba lifunguliwe dirisha moja tu, na kila mwaka bosi alimwambia alete ushahidi.

"Safari hii ninao," akasema, "na siwezi kuusahau nyumbani."

Kwenye mtihani wanafunzi wote arobaini walichora mapafu yenye usufi, na mishale juu. Msahihishaji, ambaye dada yake alishona magodoro karakana ileile, aliwapa alama zote.

Jumamosi bosi akaalikwa, akapewa kiti cha mbele. Nyumba ilijaa hadi kwenye ngazi. Bi Sindano akavuta pumzi mpaka mwisho, usufi ukapanda. Akaishusha, ukatulia. Bosi akavaa miwani, akasogea.

"Kumbe!" akasema, uso umemchanua. "Miaka yote hii nauliza usufi wangu unapotelea wapi!"

Jumatatu madirisha yakaongezewa misumari, na mlangoni akawekwa mlinzi wa kumkagua Bi Sindano kifua kila anapotoka.

Wamezoeana sana siku hizi.

"Leo maharage, Bi?"

"Na jirani yangu kanikaribisha muhogo. Angalia vizuri, uko nyuma."

Wanacheka wote wawili. Bi Sindano akicheka hukohoa, na akikohoa, kishungi cheupe humtoka mdomoni, kikaelea taratibu juani. Mlinzi hukidaka, akakirudisha karakanani. Bi Sindano hushika njia ya nyumbani haraka, maana viti vimeshapangwa, na leo ni zamu ya figo.