Fungu la Reine

Nilianza kumshuku Reine siku alipofika stesheni kwa wakati. Miaka yote ya shule ya uuguzi pale Likasi, msichana huyu hakuwahi kufika mahali kabla watu hawajaanza kununa. Alichelewa darasani, alichelewa wodini, alichelewa hata kwenye maziko ya mwalimu wetu. Sasa tumefukuzwa majumbani, tumelala juu ya simenti ya stesheni tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, na Reine anatokea asubuhi kama alivyoahidi, kitambaa kichwani, macho yakiruka huku na huku. Nikajiambia, huyu ametumwa.

Msinione mbaya. Mimi nilizaliwa Likasi na baba yangu amezikwa Likasi, lakini mwaka ule wa tisini na mbili tuliambiwa sisi wenye asili ya Kasai turudi kwetu, na vijana wakapita mitaani kuhakikisha tumesikia. Mlangoni kwetu nilimwona Ricky, jiwe mkononi. Ricky ni kaka yake Reine. Tulitoka na sufuria mbili, blanketi, na Glodie mgongoni kwa mama. Glodie ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Kananga, huko Kasai, aliachwa kwetu tangu alipoachishwa ziwa, na mama alikuwa amebaki na kazi moja tu duniani: kumfikisha mtoto huyu kwa mama yake akiwa hai.

Na mimi nilikuwa na yangu. Jury, mtihani wa mwisho wa wauguzi, ulikuwa umesogezwa na kusogezwa kwa sababu walimu hawalipwi, na sasa ulibaki wiki chache. Dada alituma neno kwa phonie, ile redio ya mapadri, kwamba nikifika Kananga mapema wataniruhusu kufanya jury pamoja na wenzangu wa kule. Basi nilihitaji kitabu kizima kichwani. Nilikuwa na theluthi yake.

Hapa lazima nieleze tulivyosoma. Karatasi zilikuwa zimeadimika, mashine ya shule ya kuchapia imekufa, na silabusi, yaani kitabu cha masomo yote, ilipatikana moja kwa kila kikundi. Kikundi kiliikata kwa wembe. Kila mmoja alichukua fungu lake, akalimeza neno kwa neno, na wiki za mwisho akawa mwalimu wa wenzake: anasema mstari, wengine wanaurudia kwa sauti mpaka uingie. Tuliitana kwa mafungu yetu. Mimi nilikuwa Uzazi, Reine alikuwa Watoto, na Radjabu, mtoto wa mwenye duka aliyetoka Maniema, alikuwa Dawa. Na kulikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu aliijua: humwombi mwenzako akuonyeshe karatasi zake. Ukimwomba, umemwita mwongo mbele ya watu.

Ilikuwa njia nzuri sana wakati tulipokuwa marafiki. Mtu akitaka kukumaliza, hahitaji sumu. Anageuza neno moja.

Karatasi zangu zilibaki nyumbani, na nyumba iliungua. Lakini fungu la Uzazi lilikuwa kichwani, hilo hawakuweza kulitia kiberiti. Radjabu alikuja stesheni wa kwanza, akanipa Dawa yote kwa siku chache, na bila kuombwa akaniwekea karatasi magotini nijionee. Kisha baba yake akamkataza kutoka, maana watu walikuwa wameanza kuuliza na wa Maniema nao wanangoja nini kuondoka. Akabaki Reine, ambaye alikuja mikono mitupu.

"Karatasi iko wapi?" nilimwuliza, adabu au hakuna adabu.

"Nilisahabu ku nyumba."

Kesho yake alisahau tena. Siku iliyofuata akasema mvua itazilowesha, na mbingu ilikuwa kavu kama kisogo cha mzee. Mama, aliyekuwa akichambua mchele wa msaada karibu yetu, hakumpa hata kopo la kukalia.

"Uyu mutoto anakuya kufanya nini apa?" mama aliniuliza baada ya Reine kuondoka. "Kaka yake alitupiga majiwe, yeye anakuya kutufundisha? Balimutuma atuhesabu."

"Mama, tunabloka, tunameza masomo ya jury."

"Jury! Weye utakufa na jury yako."

Nilimtetea kwa mama na kumhukumu moyoni. Kwa sababu fungu lenyewe lilinitia wasiwasi. Mlango wa kuhara katika silabusi, kwa mfano. Wodini tulikokuwa tukifanya mafunzo, mtoto akiletwa anaharisha, kazi ilikuwa moja: anazuiwa kula, anapewa vidonge vya kukausha tumbo, anatundikiwa serum, yaani maji ya mshipani, ikiwapo. Hivyo ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Reine alikaa juu ya gunia letu na kusema kinyume.

"Mutoto akiharisha, usimukataze chakula," alisema, na akangoja nirudie. "Vidonge bya kukausha, hapana. Maji ya kuchemsha litre moja, sukari bijiko bidogo sita, chumvi nusu kijiko. Unamupa kidogo-kidogo."

"Na serum?"

"Serum ni ya ule mwenye hawezi kunywa tena."

"Na akitapika?"

"Unangoja kidogo, njo unaanza tena."

Maji, sukari na chumvi! Nilirudia kwa sauti, kichwani nikiwaza: hii ni chai bila majani. Nikimwambia hivi mwenyekiti wa jury Kananga atanitoa nje kwa sikio. Na macho yake, kila alipomaliza mstari, yalikimbilia lango la stesheni. Mtu anayesema kweli anatafuta nini langoni?

Ilipofika zamu yangu ya kumpa Uzazi, niliona kitu kingine. Nilikuwa kwenye mlango wa mtoto anayekuja na matako mbele.

"Usimuvute," nilisema. "Aste-aste ashuke yeye mwenyewe. Weye unaangalia tu mugongo yake ikae juu. Ukimuvuta, mikono inapanda na kichwa inakwama."

Reine hakurudia. Mkunga mkubwa wa wodi yetu alivuta, tena kwa nguvu, na sote tulimwona.

"Nikae tu? Nimwangalie?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Mbele ya jury niseme sifanye kitu?"

"Njo silabusi inasema."

Akarudia mwishowe, polepole, shingo upande. Niliudhika kweli. Mimi, niliyefukuzwa, nampa fungu langu safi bila kupunguza hata nukta, naye ananitazama kama muuza dhahabu ya bandia!

Kisha Glodie akaanza kuharisha.

Hakuwa wa kwanza. Pale stesheni watoto walikuwa wakiugua upande huu na upande ule, choo kimoja, maji ya bomba yanayokuja yakijisikia, na tayari tulikuwa tumeona vifurushi vidogo vikitolewa asubuhi na wanaume wawili. Kwa hiyo macho ya Glodie yalipoanza kuzama na ngozi ya tumbo nikiifinya ikabaki imesimama, sikuhitaji mwalimu. Kwenda hospitali ilikuwa kupita katikati ya wale vijana. Nililiangalia lango nikajua sitapita na mtoto mkononi.

Mama alikuwa ameshapata vidonge kwa mtu aliyekuwa akiviuza kwenye sinia.

"Shika, umupondee iyi. Na asinywe kitu. Maji inaenda ku tumbo kuongeza tu."

Ndivyo bibi yangu alivyofanya, ndivyo wodi ilivyofanya. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya dada yake Ricky. Nilikaa na vile vidonge kiganjani nikimpima Reine upya, tangu mwanzo. Karatasi anazozisahau kila siku. Macho ya langoni. Kama ametaka kuniharibia mtihani, basi maneno yake ni uongo, na nikiyafuata namuua mtoto wa dada yangu kwa mkono wangu. Lakini kama ni kweli, nikimpa Glodie vidonge na kumnyima maji, namuua vilevile. Nilimchukia Reine kwa kuniweka pale, na nilimchukia zaidi kwa sababu sikuweza kukumbuka hata mara moja, katika miaka yote, aliponidanganya. Alichelewa, alitania, alikula mikate yetu. Uongo, hapana.

Nikapiga moyo konde. Shati langu jeupe la wodi nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya jury, limekunjwa ndani ya sufuria. Nililitoa, nikalibadilisha kwa sukari kwa mwanamke wa pembeni. Nikachemsha maji.

Kijiko cha kwanza Glodie alikitapika. Mama akanirukia.

"Unamuua! Nilikuambia! Ule mutoto ya bale batu alikufundisha kutuua!"

Akamchukua, akamkumbatia, akanigeuzia mgongo. Watu walitutazama. Nilisimama pale na kikombe, aibu na woga vikinipanda pamoja, nikasema maneno ambayo sikuyaamini: unangoja kidogo, njo unaanza tena. Nikamzunguka mama, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza tena. Kijiko. Kijiko. Akitapika, nangoja. Mama alilia lakini hakuondoa uso wa mtoto. Jua lilipanda juu ya mabati likatuchoma, nami nilikuwa bado nimepiga magoti, na baadaye nikampakata mwenyewe kwa sababu mikono ya mama ilichoka.

Alasiri nilisikia joto mapajani. Glodie alikuwa amenikojolea. Suruali yote, mpaka gotini. Asiye muuguzi hawezi kujua furaha ile. Mtoto aliyekauka hakojoi, na huyu alikojoa kama aliyelipwa. Nililia kwa sauti, bila haya, mbele ya stesheni nzima. Mama alinitazama, akamtazama Glodie aliyekuwa akivuta kijiko mwenyewe, akachukua vile vidonge vya sinia akavitupa relini. Kesho yake alipomwona Reine langoni, alisogeza kopo, akalipangusa kwa kanga, akamwonyesha akae.

Nikamweleza Reine yote, hata vidonge, hata nilivyokaa navyo. Alisikiliza huku akimshika Glodie mguu.

"Kumbe ulikuwa unazania nakudanganya," alisema.

Nikampangusa Glodie kinywa.

"Makaratasi sisahabu," akaendelea. "Ricky akiniona natoka nayo, atajua nakuya apa. Alishasema atanivunja mikono. Kila siku naangalia ku mulango kama ananifuata."

Niliona haya mpaka kwenye mifupa. Nilitafuta neno la kumwomba radhi, na nilikuwa bado nalitafuta aliposogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini, mama asisikie.

"Sasa weye uniambie. Ile ya mutoto mwenye anakuya na matako. Njo kweli?"

"Ni kweli, Reine."

"Usikasirike. Miye ni dada ya Ricky. Nyumba yenu iliungua. Kama ningekuwa weye, ningenidanganya."

"Sikukudanganya. Naapa kwa kaburi ya baba."

Alitikisa kichwa kukubali. Lakini nilikuwa nimemtazama kwa jicho lilelile la shaka muda wote huo, nalijua vizuri, na nililiona halijaondoka usoni pake. Mimi nilipata mtoto wa kunithibitishia fungu lake. Yeye nilimpa kiapo tu, cha mtu aliyechomewa nyumba na kina Ricky. Nilitamani nimwonyeshe karatasi. Nilianza kumsomea mlango ule upya, tangu mstari wa kwanza, naye akirudia, lakini watu wote wakainuka kwa mara moja na kuanza kukimbia na magunia, kwa sababu treni ilikuwa inaingia. Mama alinipigia kelele nimshike Glodie. Nilipogeuka ili kusema jambo, nilisukumwa ndani ya behewa, na katikati ya vichwa na vifurushi sikumwona tena.

Tulisafiri wiki na wiki, na tulizika wengine njiani, ila Glodie alifika. Dada alimpokea kutoka mgongoni kwa mama akakaa naye chini kwenye vumbi. Jury ulikuwa umesogezwa tena, nami nilifaulu, kwa shati la kuazima. Nimekuwa muuguzi Kananga tangu hapo, na maji ya sukari na chumvi nimeyafundisha kwa akina mama wengi nisioweza kuwahesabu, nikitaja jina la Reine kila mara.

Habari zake sijapata. Barua hazifiki, na waliotoka Likasi baadaye hawamjui. Bila shaka alifaulu, alikuwa na kichwa chepesi. Bila shaka amepata wodi. Mahali fulani kule kuna mwanamke amelala, mtoto wake anakuja na matako mbele, Reine amesimama kati ya magoti yake, na hakuna aliye karibu wa kumwambia kwamba sikumdanganya.