Mnyamwezi Aliyekuja Kukamata Hewa

Mashaka aliteremka kwenye basi la Kisarawe na sanduku mgongoni na duara kubwa la waya mkononi, kama mtu aliyeiba gurudumu la baiskeli akaisahau baiskeli yenyewe. Alikuwa karani wa Posta Dar es Salaam, upande wa simu za upepo, yaani redio. Asubuhi ile Mzungu wake alimwita.

"Mashaka, kuna mtu kule vilimani anaongea kwenye wimbi la ndege. Rubani anaomba njia ya kutua, anajibiwa habari za machungwa. Usiporudi na mashine yake leo, kesho unarudi dirishani kuuza stempu."

Dirishani Mashaka hakutaka hata kupasikia. Ulimi wake ndiyo kwanza ulianza kusahau ladha ya gundi.

Akajisogeza kwenye mkahawa wa Mzee Mwinyimadi. Watu walikuwa wanakunywa kahawa, na pembeni Mwanamvua anachoma vitumbua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Watokea wapi?"

"Dar es Salaam. Lakini kwetu Tabora."

Hapo ndipo alipojiharibia. Wazaramo wa Kisarawe na Wanyamwezi wa Tabora ni watani toka enzi za mababu, na mtani akishajitaja, kila atakalosema ni mzaha. Ukimnyang'anya kitu chake hana ruhusa ya kununa. Akinuna, kashindwa. Mashaka aliyajua yote hayo vizuri sana, ila hofu ya stempu ilimvuruga. Akasimama wima, akakohoa kiserikali.

"Nimetumwa na serikali. Kuna mtu hapa anatumia hewa bila kibali."

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Kahawa ilimtoka Mzee Mwinyimadi puani.

"Hewa!" Mwanamvua alipiga kelele. "Jamani, Wanyamwezi wamekuja kutudai hewa! Haya mtani, mimi nimepumua toka asubuhi, nifunge pingu!"

"Si hewa hiyo, dada. Hewa ya sauti. Kila sauti ina njia yake, na serikali ndiyo inayozigawa. Hii ya ndege, hii ya meli, hii ya polisi. Ukiingia njia ya mwenzio, mnagongana."

"Kama mashamba?"

"Eeh, kama mashamba."

"Na mipaka kaiweka nani? Mimi naangalia juu hapa, sioni hata mnyaa mmoja wa mpaka uliopandwa."

Wakati wanacheka, Mwanamvua alishalichukua lile duara na kulivaa shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Mashaka alihisi damu inampanda kichwani. Duara hilo ndilo lililokuwa macho yake. Ukilizungusha, linakuonyesha sauti inatoka upande gani. Bila hilo, Kisarawe yote ni vilima na minazi tu.

"Unaninunia, mtani?"

"Nani, mimi? Hata." Akacheka kwa nguvu, meno yote nje. "Nilikomboe kwa kitu gani?"

"Mpunga wangu ule pale. Twanga."

Basi mtu wa serikali akavua koti, akakunja mikono ya shati, akatwanga. Watu walisogeza viti waone vizuri. Mmoja alimsifu kwamba anatwanga kama mtu anayepiga chafya. Jua likaanza kuinama, mpunga kinuni haujaisha, na Mashaka kila akiinua mchi anaona dirisha la stempu.

Ilipofika alasiri, Mzee Mwinyimadi akafungulia redio yake. "Kimya jamani, Mwishehe anataka kusema."

Redio ikakoroma, kisha: "Hapa Kisarawe, Mwishehe wenu. Machungwa ya Marui yameiva, wenye matenga mjitayarishe. Bi Sikuzani anawakaribisha kwenye harusi Ijumaa."

Mchi ulimponyoka Mashaka. "Huyo! Huyo ndiye ninayemtafuta!"

"Kumbe unamtafuta Mwishehe?" Mwanamvua alishangaa kweli. "Si ungesema? Wewe ulisema unatafuta hewa."

Redioni Mwishehe aliendelea: "Tena watoto wananiambia tuna mtani wa Tabora, anamtwangia Mwanamvua mpunga. Tunauliza, kwao hakuna vinu?"

Mashaka akajifuta jasho. Mtani akitukanwa ana haki ya kujibu, hilo halina ubishi. "Nipelekeni nikamjibu uso kwa uso," akasema.

Walimpeleka kwa shangwe, Mwanamvua mbele na duara lake shingoni. Njiani akamrudishia. "Mpunga umebaki, lakini umenichekesha."

Mwishehe alikuwa askari mstaafu wa vita vya Burma, aliyewabebea maofisa mashine zao mpaka akajua kuzitengeneza. Yake aliiunga kwa vyuma chakavu vya jeshi, waya wake kaufunga kati ya minazi miwili. Alipomwona Mashaka akaachia swichi ya kusemea, ampishe ajibu. Hapo redio ya pembeni ikatoa sauti ya Kiingereza, ya haraka haraka.

"Huyu naye kila alasiri ananiingilia," Mwishehe akalalamika. "Anataka nini?"

Mashaka alisikiliza. "Yuko ndani ya wingu, hapa juu ya Pugu. Ana abiria. Anaomba njia ya kutua, na hasikii jibu lolote, isipokuwa mtu anayeuliza kama Tabora kuna vinu."

Hakuna aliyecheka. Mwishehe alinyoosha mkono, akazima mashine. Punde ikaja sauti ya pili, ya kiwanja cha ndege, safi kabisa, inamwelekeza rubani. Kisha mngurumo wa ndege ukapita juu ya minazi, ukashuka, ukaelekea kiwanjani.

"Ichukue," Mwishehe akasema taratibu.

"Serikali ikiichukua, na wewe unakwenda jela. Naichukua kama mtani."

"Na nikitaka njia yangu mwenyewe, ambayo sigongani na mtu, watanipa?"

Mashaka akafikiri. "Watakuambia uandike maombi. Halafu hawatakupa."

"Angalau leo umesema neno la kweli."

"Sasa nikiulizwa jina la mwenye mashine?"

"Sema Mwinyimadi," akasema Mzee Mwinyimadi.

"Mwongo huyo, ni yangu," akadakia Mwanamvua. "Nimerithi kwa bibi yangu!" Na wengine nyuma yake wakaanza kugombea urithi.

Kesho yake Mzungu aliigeuza mashine mezani huku na huku. "Mwenyewe nani?"

"Wote, bwana. Kila niliyemuuliza alisema ni yake. Mama wa vitumbua ana ushahidi mpaka wa bibi yake."

Mzungu alimtazama sana, akawafikiria watu wa Kisarawe nzima mbele ya hakimu, akaacha. "Haya. Ndege zinasikilizana, utabaki huku, hurudi dirishani. Sasa kuna mwingine anavuruga wimbi la reli. Utapanda treni kwenda Tabora."

Mashaka akashika kichwa. "Bwana, Tabora ni kwetu."

"Vizuri, basi unawajua."

"Hiyo ndiyo shida, bwana. Kule sina watani. Nikichukua cha mtu, wataniita mwizi."