Chupa ya Breki

Kila asubuhi, kabla sijavaa baibui la kazini, nililiosha Pijo, gari langu kuukuu. Ndoo mbili za maji ya mvua, si ya kisima, kwa kuwa visima vya kwetu Gongoni ni chumvi tupu, na chumvi ndiyo inayokula bati. Nilianzia chini ya milango, pale kutu inapopenda kujificha, nikamalizia na taa ya nyuma ambayo fundi Musab alinitafutia Mombasa miezi minne. Kisha nilifungua boneti, nikapima maji na oili. Jumamosi nilipima na mafuta ya breki.

Jumamosi ile nilikuwa nimeinamia injini Baba aliposema kutoka barazani, "Leo nitakwenda nawe."

Kitambaa kiliniponyoka.

Kwa miezi minane Baba hakutaka hata kuketi ndani ya gari lile. Alikuwa dereva wa kiwanda cha chumvi miaka ishirini na sita, na kuliko malori yote aliyoendesha alilipenda Pijo 404 la meneja, jeupe kama hili. Nilipoanza kazi ya maabara Malindi nililiona hili limetupwa nyuma ya gereji, kuku wakitagia kiti cha nyuma, bei yake ya kutupa. Nililinunua kwa ajili yake. Sikumwambia hivyo, maneno ya namna hiyo siyawezi. Nilimpa ufunguo tu. Akaugeuzageuza, akanirudishia, akasema niliuze. Kila nilipomwomba aliendeshe, hata hadi msikitini tu, jibu lilikuwa lile lile: liuze hilo jeneza la bati. Jirani yetu Mama Kabibi alizidi kunicheka, akisema nimeolewa na Pijo, tena mume mwenyewe kibogoyo.

Wiki hiyo nilichoka, nikakubali kuliuza. Saa nne mnunuzi angekuja kulitazama Malindi. Nilikuwa nikiliosha kwa mara ya mwisho, na sikutaka Baba aone macho yangu.

Nilichungulia kikopo cha breki. Jumamosi iliyopita kilikuwa kimepungua kidole kimoja. Sasa kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Mimi sikutia kitu, na mwingine anayeshinda nyumbani ni Baba peke yake. Basi alifungua boneti mwenyewe, bila mimi kujua. Nilifurahi hata nikaogopa kuuliza, swali lisije likaiharibu ile furaha. Nilifunga boneti. Wala sikukumbuka kwamba tangu Jumatano gari lilikuwa zito, kama mtu analivuta kwa nyuma, nami nikailaumu kabureta.

Tuliipita Mambrui. Baba alikuwa akipapasa dashibodi kwa kidole gumba, polepole, kutoka redio hadi mlangoni na kurudi. Kwenye tuta moja nilikanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mbele kidogo nikasikia harufu ya kuungua. Nilifikiri kusimama, lakini nikajiambia Musab ataangalia tukifika mjini.

Tukaanza kuteremka kwenda daraja la Sabaki. Nikakanyaga. Pedali ilizama hadi sakafuni, haikurudi.

Nilipiga tena na tena. Hakuna kitu.

"Baba, breki hazipo."

Hakupandisha sauti. "Usizime injini. Ingiza ya tatu."

Gia za Pijo ziko kwenye usukani. Niliisukuma, ikasaga, ikaingia. Injini ililia.

"Iache ilie. Ikipungua sauti, ya pili."

Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea boneti. Niliingiza ya pili. Mwendo ulipungua, lakini si wa kutosha.

"Baba, lile lori!"

"Lori lipi?"

Lori lilikuwa mbele yetu hatua thelathini hivi, limesheheni magunia ya chumvi, likitambaa kuelekea darajani, limejaza kioo chote. Upande wa pili basi lilikuwa linapanda. Sikuwa na pa kupita.

"Lipi, Raiya? Liko wapi?"

Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili kisha nikaurudia usukani, nikalitoa gari barabarani. Mchanga uliyashika magurudumu. Tuliyumba, tukaruka shimo, kitu kikagonga chini ya miguu yangu, tukasimama ndani ya vichaka. Basi lilipita likipiga honi.

Baba alinishika bega, akaniuliza mara tatu kama nimeumia. Nilisema sijaumia. Alikuwa akinishika kama mtu anayetafuta kitu gizani, kwanza bega, halafu shavu.

Nilishuka, nikafungua boneti. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakifuka moshi. Nilitia kidole kwenye kikopo cha breki, nikakinusa. Oili ya injini. Mtu yeyote anayetunza gari anajua kwamba ukitia oili humo mipira ya breki huvimba, breki zikang'ang'ania magurudumu hadi ziungue na kufa, na dereva wa miaka ishirini na sita anajua kuliko wote.

Rafuni nyumbani kuna chupa mbili zinazofanana. Moja niliibandika karatasi nyeupe yenye neno moja kwa herufi kubwa, BREKI. Ya pili nayo niliibandika, nikaandika OILI.

Simu iliita ndani ya mkoba. Bila shaka alikuwa mnunuzi. Niliiacha iite hadi ikanyamaza.

Baba alikuwa ameshuka, ameegemea mlango.

"Ulitia wewe, Baba?"

"Mimi. Jumanne. Nilikusikia ukishughulika peke yako siku zote."

"Chupa nimeziandika."

Nilitaka kumwambia basi, hapana neno, twende tukatafute gari la kutuvuta. Nimeishi hivyo, nikiwafunika watu na kujifunika mimi. Safari hii nilimngojea.

"Karatasi nilizipapasa," alisema. "Maandishi siyaoni. Na hilo lori sikuliona. Mwaka wa pili huu." Alipangusa mchanga juu ya boneti kwa kiganja, polepole, kama ninavyofanya mimi asubuhi. "Nilikuwa nakwambia uliuze ili usinipe ule ufunguo tena. Usiliuze, mwanangu. Sioni."